Fahamu: James Mwangi, kiongozi wa Benki ya Equity

James Mwangi ni nani?
Alizaliwa mwaka 1962 Kangema, Kaunti ya Murang'a nchini Kenya, akalelewa na mama mjane. Alisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mhasibu.

Aliikutaje Equity?
Equity ilianzishwa mwaka 1984 kama taasisi ndogo ya mikopo ya nyumba. Kufikia 1993 ilikuwa hoi: mikopo mingi hairudi, na hasara inazidi mtaji. Mwangi alijiunga nayo wakati huo kusimamia fedha.

Alibadilisha nini?
Aliwageukia wakulima wadogo, mama mboga na wafanyakazi wa kipato cha chini, ambao benki kubwa ziliwafungia milango kwa masharti ya kiwango cha chini cha akiba na ada za kila mwezi. Equity iliondoa vikwazo hivyo, ikapeleka huduma vijijini kwa magari, baadaye kwa mawakala.

Matokeo yake?
Mwaka 2004 Equity ikawa benki kamili, na 2006 hisa zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Leo iko pia Uganda, Tanzania, Rwanda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2012 Mwangi alishinda tuzo ya kimataifa ya mjasiriamali bora ya kampuni ya EY.

Kwa nini ni muhimu?
Amethibitisha kwamba akiba ya mnyonge, ikiheshimiwa, hujenga benki imara. Viongozi wa fedha wa Afrika Mashariki wanapaswa kulizingatia somo hilo.