Dripu ya Baridi Yabisi: Sema Kabla Haijawekwa

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa baridi yabisi, na hasa ile dawa ya dripu ambayo baadhi ya wagonjwa huwekewa hospitalini. Ni dawa nzuri, lakini ina masharti yake.

Baridi yabisi tunayoizungumzia si yale maumivu ya magoti ya uzeeni, wala hailetwi na kukanyaga maji baridi. Kinga ya mwili hukosea, ikaanza kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Vidole na vifundo vya mikono na miguu huvimba. Asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, hata kufunga kifungo cha nguo au kukamua kitambaa kunakuwa kazi. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wengi hupatwa wangali wanalea. Usipotibiwa, huharibu mifupa ya viungo na vidole hupinda.

Mara nyingi daktari huanza na vidonge viitwavyo methotrexate. Sikiliza vizuri, mama: vidonge hivi humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Watu wamekufa kwa kuvimeza kila siku. Chagua siku moja, kwa mfano Jumapili, na uiandike kwenye pakiti. Vidonge hivi pia hudhuru mimba, kwa hiyo tumia njia ya kupanga uzazi, na ukitaka mtoto zungumza na daktari kwanza.

Vidonge visipotosha, daktari anaweza kuongeza dawa ya kibayolojia, yaani dawa inayotengenezwa kwa kutumia chembe hai. Mojawapo ni infliximab. Jina hilo utaliona kwenye chupa, hata kama kampuni imeipa dawa hiyo jina lake. Huwekwa kwa dripu siku ya kwanza, kisha baada ya wiki 2, kisha wiki ya 6, na baadaye kila wiki 8.

Dawa hii hufanyaje kazi?

Mwilini kuna kemikali inayoitwa TNF. Ifikirie kama mpiga baragumu anayewaita askari wa mwili wakati wa vita. Mtu akiwa na baridi yabisi, baragumu hupigwa hata kama hakuna adui, na askari huvamia viungo. Infliximab humnyamazisha mpiga baragumu huyo. Uvimbe hushuka na maumivu hupungua.

Lakini baragumu hiyo hiyo ndiyo inayowaweka askari macho dhidi ya kifua kikuu, yaani TB. Watu wengi wana viini vya TB vilivyolala mwilini bila wao kujua. Hawakohoi na hawaumwi, kwa sababu askari wamevizungushia ukuta. Baragumu ikinyamaza, askari hutawanyika, ukuta hubomoka, na viini huamka.

Mwaka 2001, madaktari walichapisha taarifa ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kutibiwa kwa infliximab. Kati yao, 48 waliugua baada ya kuwekewa dripu tatu tu au chini ya hapo. Na 64 walitoka katika nchi ambazo TB ni chache. Je, sisi? Kenya ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, ya miaka 2021 hadi 2025, ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Ndiyo sababu tunasema: jambo kubwa hufanyika kabla ya dripu ya kwanza.

Useme nini kabla ya dripu?

Mwambie daktari kama umewahi kuugua TB, au kama kuna mtu nyumbani, kazini au kanisani anayekohoa au anayetumia dawa za TB. Usione haya kumtaja mume, shangazi au mfanyakazi wa nyumbani. Humchongei mtu, unalinda maisha yako, naye pia atapata matibabu. Dawa za TB katika hospitali na zahanati za serikali hutolewa bila malipo.

Utapigwa picha ya kifua, na utapimwa kwa sindano ndogo ya ngozi au kwa damu. Ukichomwa ile sindano ya ngozi, rudi baada ya siku mbili au tatu ili isomwe. Usiporudi, kipimo hicho ni bure. Ikionekana una viini vilivyolala, utapewa dawa za kuvizuia, na kwa kawaida dripu itangoja angalau mwezi mmoja. Mwezi huo ni mrefu kwa mtu mwenye maumivu, lakini vumilia, na umalize dawa zote hata baada ya dripu kuanza.

Utapimwa pia homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi. Mwambie daktari kama moyo wako una shida, kama una kidonda au homa, au kama siku zako zimechelewa. Jambo jingine ni fedha. Dawa hii ni ghali. Uliza mapema dripu za mbele zitalipiwaje, kwa sababu mtu akiacha kwa miezi mingi kisha akarudi, mwili unaweza kuikataa kwa nguvu.

Siku ya dripu

Ukiambiwa ununue dawa mwenyewe, ibebe katika chombo chenye barafu. Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, lakini isigande. Siku hiyo ukiamka na homa au kikohozi, sema kabla ya sindano kuingia, hata kama umesafiri kutoka mbali.

Dripu za mwanzo huchukua muda usiopungua saa mbili. Usimwombe muuguzi aiharakishe ili uwahi matatu. Ukihisi baridi ya kutetemeka, mwasho, kizunguzungu, kifua kubana au kukosa pumzi, mwite papo hapo. Usiseme, "Acha imalizike." Ikiisha, utabaki ukiangaliwa kwa saa moja au mbili.

Ukirudi nyumbani

Mlezi, hapa ndipo macho yako yanahitajika. Homa, kikohozi cha muda wowote, jasho la usiku, kukonda, au tezi zinazovimba shingoni ni sababu ya kwenda hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. TB inayoamshwa na dawa hii mara nyingi hutokea nje ya mapafu, kwa hiyo mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Usinunue panadol dukani ukanyamaza. Popote mtakapokwenda, hata kama ni kupima malaria tu, sema: "Anawekewa dripu ya infliximab." Na maziwa nyumbani yachemshwe, maziwa mabichi yana viini ambavyo mwili huu hauwezi kupigana navyo vizuri.

Na mtoto mchanga?

Mama aliyewekewa dripu akiwa mjamzito, dawa hupita hadi kwa mtoto na kubaki mwilini mwake kwa miezi kadhaa. Hapa kwetu mtoto huchanjwa BCG mara tu anapozaliwa, na BCG ina viini hai vilivyodhoofishwa. Mwaka 2010, jarida la madaktari lilieleza kisa cha mtoto wa Uingereza ambaye mama yake alitumia infliximab wakati wa ujauzito kwa ajili ya ugonjwa wa matumbo. Mtoto alizaliwa salama, akachanjwa BCG, viini vya chanjo vikaenea mwilini, akafariki.

Kwa hiyo, andikisha jina la dawa katika kijitabu chako cha mama na mtoto, na umwambie mkunga kabla ya kujifungua. BCG kwa kawaida hungoja hadi mtoto afikishe miezi 12. Chanjo nyingine zenye viini hai, kama matone ya polio, daktari ndiye ataamua. Lakini usiache kliniki! Chanjo za sindano zisizo na viini hai, kama pentavalenti, zinaendelea kwa tarehe zake. Na kama unanyonyesha huku ukiwekewa dripu, mwulize daktari juu ya maziwa na chanjo pamoja.

Mambo ya kukumbuka

1. Pimwa TB kabla ya dripu ya kwanza, na umtaje kila anayekohoa karibu nawe.
2. Methotrexate ni mara moja kwa wiki.
3. Ukijisikia vibaya wakati wa dripu, mwite muuguzi saa hiyo hiyo.
4. Homa baada ya dripu si ya kuvumiliwa nyumbani.
5. Mjamzito, mkunga ajue jina la dawa yako kabla mtoto hajachanjwa.

Mama, dawa hii inaweza kukurudishia mikono yako. Nayo hospitali inahitaji mdomo wako.