Aliyetumwa na Anayetafuta

Wageni wanaopita lango la Momela kwenda kupanda Mlima Meru ni wa kila aina, lakini kwa jinsi nilivyowapikia kwa muda mrefu, siku hizi namtambua mapema yule aliyekuja na swali. Huyo hapigi picha nyingi. Twiga akisimama mbele yake njiani anamwangalia kidogo, kisha anarudi kwenye mawazo yake. Ameachana na mwenzake, au ameacha kazi, au amefiwa, au hana shida yoyote duniani na hilo ndilo linalomtisha. Anasema amekuja kupanda mlima. Jioni ya pili, kituo cha Saddle, mita 3,570 kutoka usawa wa bahari, ukungu umefunga na supu ya maboga imeisha, ndipo linapotoka: hivi haya maisha ni ya nini?

Siwacheki. Mpishi wa mlimani anasikia mambo ambayo hata mchungaji haambiwi, kwa sababu jikoni ndiko kwenye joto, na mtu mwenye baridi hana siri. Wagumu wangu, yaani vijana wanaobeba mizigo, huwa wanaulizana kwa Kimeru kama mgeni ameumwa na urefu wa mlima. Wakati mwingine ni kweli, ni kichwa tu. Mara nyingi si kichwa.

Momela imezoea watu wa namna hiyo tangu zamani. Mwaka 1907 alifika Margarete Trappe, Mjerumani, yeye na mumewe, wakafungua shamba karibu na haya maziwa ya magadi. Akawa mfugaji na mwindaji mashuhuri, vita ikampokonya shamba, akarudi, na hapa Tanganyika ndipo alipofia mwaka 1957. Baada yake akaja Hardy Krüger, mwigizaji. Huyu alizaliwa Berlin mwaka 1928, akasomeshwa katika shule za Hitler, akapelekwa vitani akiwa na miaka 16, na akaponea chupuchupu kuuawa na jeshi lake mwenyewe kwa kukataa kuwapiga risasi Wamarekani. Kijana aliyefundishwa kwamba maisha yana maana moja tu, kisha akagundua kuwa ni uongo mtupu, lazima abaki na shimo moyoni. Alikuja Momela kuigiza filamu ya Hatari! pamoja na John Wayne, filamu iliyotoka mwaka 1962. John Wayne akaondoka na wenzake. Krüger akanunua shamba, akajenga hoteli ya wageni, akakaa zaidi ya miaka 10.

Namwelewa. Asubuhi kukiwa kweupe, heroe wakiwa wamejipanga majini na Kilimanjaro imejitokeza upande wa mashariki, mtu yeyote angesema hapa ndipo nilipokuwa naitwa. Ila ardhi hii ilikuwa na wenyewe kabla ya hao walioitwa. Wajerumani waliuzungushia mlima mashamba ya walowezi mpaka Wameru wakabaki wamebanwa juu, msitu nyuma yao na walowezi mbele yao. Hilo wageni wangu hawalijui, na mimi silitoi mpaka niulizwe.

Ukitoka Momela kwenda kaskazini, hata gari huna haja nalo sana, unafika Ngarenanyuki. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka huko ili eneo lifanywe mashamba ya mifugo ya Wazungu wachache. Nyumba zilichomwa moto, watu wakasombwa kupelekwa King'ori. Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana. Hadithi yake haikuwa ya moshi. Ilikuwa ya kuku. Waliambiwa wachukue wanachoweza, yeye akaanza kukimbiza kuku uwanjani, kuku wakamshinda, na askari wakawa wanacheka. Mpaka anazeeka alikuwa hapendi mtu acheke akimwona anafukuza kuku.

Wanasaikolojia wanaochunguza swali lile la wageni wangu husema maana ya maisha ina nyuzi tatu: kwanza mtu aone mambo yake yanaeleweka, pili awe na jambo mbele linalomvuta, tatu ajione ana thamani, kwamba akikosekana pengo litaonekana. Siku ile ya kuku zote tatu zilikatwa pamoja. Watu wametii serikali, wamelipa kodi, wamejenga kanisa na shule, halafu asubuhi moja wanaambiwa ng'ombe wa mtu mwingine wana haki zaidi yao. Hapo hakuna kinachoeleweka. Ungetegemea watu wakae chini wajiulize maisha ni ya nini.

Hawakujiuliza hivyo. Walichanga. Baba yake bibi aliuza mbuzi, wengine wakatoa senti za kahawa, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York, kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Mwingereza alikuwa na mtu wa kumjibu. Aliyeshughulikia kesi kwa upande wa sheria alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa wakili Moshi. Kirilo anakumbukwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya chombo kile. Namfikiria kila ninapoona ndege ikishuka uwanja wa Kilimanjaro (KIA): mtu wa Meru, mbele ya wajumbe wa mataifa, mkononi ana habari za nyumba zilizochomwa na kichwani ana majina ya waliouza mbuzi. Nadhani hakupata hata dakika ya kujiuliza kwa nini alizaliwa. Alikuwa ametumwa.

Na alishindwa. Baadaye mwaka huohuo hoja ya kuwarudishia Wameru ardhi yao ilipofika Baraza Kuu, haikupata theluthi mbili ya kura. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, maana kila mtu anajua kueleza maisha ya aliyefaulu. Kirilo alirudi bila ardhi. Badala ya kujifungia ndani alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza kilichotokea, na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Meru wakajua kumbe wao nao wanaweza kufukuzwa kesho. Chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza lilelile la Udhamini. Ufugaji wa walowezi Ngarenanyuki haukufua dafu, na Wameru hatimaye wakarudi. Leo ukipita huko unaona nyanya na vitunguu mpaka unachoka kuona.

Kwa hiyo mgeni akiniuliza, huwa namweleza habari za Kirilo. Nilidhani nina jibu lililokamilika, mpaka siku tuliyopanda na mama mmoja wa Kiholanzi, mhasibu mstaafu. Alikuja kukaa nasi jikoni Saddle, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuwauliza wagumu mmoja mmoja lengo la maisha yao ni nini, mimi nikitafsiri huku nakaanga vitunguu. Ikafika zamu ya mtoto wa kaka yangu. Huyu amemaliza chuo, ualimu wa kemia, na alikuwa anasubiri ajira ya serikali kama wenzake wengi, huku akibeba mizigo.

"Baba mdogo," akasema, "mwambie mimi nimetumwa sukari kilo mbili na dawa ya presha ya mama."

Kicheko jikoni. Yule mama naye akacheka, akafuta macho, akasema hilo ni jibu zuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia. Halafu akauliza tena, taratibu: "Na ukishaipeleka sukari?"

Kijana akanyamaza. Akaokota sufuria akaanza kusugua, na sufuria ile ilikuwa safi.

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Niliona mgeni amekuja kumtonesha mtoto wetu. Lakini tukishuka kwenda kituo cha Miriakamba kesho yake, kijana akanifuata nyuma akaniambia kwamba hajawahi kuulizwa. Ukoo uliuza mtamba ili asome. Mjomba ndiye aliyechagua ualimu, baba ndiye aliyechagua kemia. Akipata mshahara umeshagawanywa kabla haujaingia. "Bado najitafuta, baba mdogo, lakini najitafutia watu wote." Huo ndio upande wa pili wa kutumwa, na sisi wazee hatupendi kuusema. Kirilo aliitikia wito kwa jambo ambalo hata yeye lilikuwa linamchoma. Vijana wetu wengi wanatumwa tu, kama punda wa sokoni, na anayeuliza mzigo una nini anaitwa hana adabu. Mgeni aliye huru kiasi cha kupotea na kijana aliyefungwa kiasi cha kutoweza hata kupotea, sijui kwa kweli nani anastahili kuonewa huruma zaidi.

Ni yuleyule mama wa Kiholanzi aliyenisimulia habari za Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, Myahudi. Wanazi walimkamata mwaka 1942, wakampitisha kambi nne, mojawapo Auschwitz. Mkewe, wazazi wake na kaka yake walikufa mikononi mwa Wanazi. Mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya kutoka, alitoa kitabu. Kwa jinsi nilivyoelewa, Frankl alikuwa anasema binadamu si muulizaji bali ndiye anayeulizwa, na kila hali inayomkuta ni swali lenye jina lake, ambalo mwingine hawezi kumjibia. Nilipenda sana hapo penye jina. Mjomba anaweza kukutuma sokoni, lakini kuna swali ambalo mjomba hawezi kukuletea, kwa sababu macho ya kuliona ni yako.

Mwaka uliofuata yule kijana hakuja kuchukua mizigo. Nilimkuta kwao, uwanjani, anachoma mifupa.

Maji ya kwetu yana floraidi nyingi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima huuhuu, inateremka na vijito, ndiyo maana wengi tuliokulia hapa tuna meno ya rangi ya kahawia, na wapo watoto ambao miguu yao imepinda. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku vinapita hapo kwa mbali. Njia mojawapo ya kuipunguza, ambayo kituo cha utafiti cha serikali pale Ngurdoto kimeishughulikia kwa miaka mingi, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa hewa ikiwa kidogo, inasagwa chenga, inajazwa kwenye ndoo, maji yanapita. Madini yaliyomo kwenye mfupa yanaidaka floraidi. Ukichoma kwa moto mdogo maji yananuka, ukizidisha moto mifupa inakuwa myeupe na nguvu inapungua. Kazi yote iko kwenye kulinda moto.

Hayo alinieleza yeye, amechuchumaa, uso mweusi kwa masizi, anasema haraka haraka kama mtu anayeogopa mazungumzo yataisha kabla hajamaliza. Mtoto wa jirani yao ana matege makubwa. Kijana amemwona tangu anatambaa. Alimwona pia wakati wa chuo, kila likizo, na kemia yote ilikuwa kichwani, lakini hakuna aliyemtuma. Sasa ana ndoo kwenye nyumba kadhaa na anagombana na wenye bucha Usa River, ambao wakijua unaitaka mifupa kwa wingi wanaipandishia bei. Mkaa nao unachoka, lazima ubadilishwe, na watu hawapendi kulipia kitu kisichoonekana. Ajira ya serikali bado anaiomba. Ikitoka ataenda, amesema, hata kama ni Kigoma, na wa kulinda moto ameshaanza kumfundisha.

Shemeji yangu, mama yake, hajaridhika. Anasema hawakuuza mtamba ili mtoto aje kunusisha kijiji kizima harufu ya mifupa. Na sukari bado anaidai.