Sura ya Saba: Bei ya Kwotabeki

Machi 2024 klabu ya Denver Broncos iliamua kuachana na kwotabeki wake Russell Wilson, na kwa kufanya hivyo ikakubali kubeba kwenye hesabu zake dola milioni 85 za mtu ambaye asingeivalia jezi tena. Katika historia ya ligi ya NFL hakuna klabu iliyokuwa imebeba mzigo mkubwa namna hiyo kwa mchezaji mmoja aliyeondoka. Mwaka mmoja na nusu tu kabla ya hapo, Septemba 2022, klabu hiyohiyo ilikuwa imemwongezea mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 240, naye bado hajaichezea hata mechi moja ya ligi. Ili kumtoa Seattle ilikuwa imetoa wachezaji 3 na nafasi 5 za kuchagua vijana wapya, 2 kati yake za raundi ya kwanza. Kwa gharama yote hiyo, Wilson aliianzia Denver mechi 30 na kushinda 11.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nianze na Denver. Wilson alikwenda Pittsburgh kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa mkongwe, dola milioni 1.21. Denver wakampa mpira kijana aliyetoka chuoni mwaka huohuo, Bo Nix. Msimu wa 2024 klabu ilikatwa dola milioni 53 za Wilson, zaidi ya asilimia 20 ya fedha zote ilizoruhusiwa kutumia kwa wachezaji, na bado ikashinda mechi 10, ikapoteza 7, ikaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu ilipotwaa ubingwa wa msimu wa 2015.

Je, kumlipa kwotabeki nyota mamilioni hayo kunasaidia timu kushinda? Swali hili linaulizwa kila mwaka Marekani, na majibu mengi hukosea kwa sababu yanachanganya mambo mawili: ubora wa mchezaji na bei yake.

Tuanze na ubora, maana hapo hakuna ubishi. Katika futiboli ya Kimarekani mchezo husimama na kuanza upya kila baada ya sekunde chache. Kila shambulizi linapoanza, mpira humfikia kwotabeki, naye ana sekunde 2 au 3 za kuamua: arushe mbali, arushe karibu, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe, huku majitu yenye kilo 130 yakimjia mbio. Katika soka mshambuliaji hodari anaweza kukaa dakika 20 bila kugusa mpira. Kwotabeki huugusa karibu kila timu yake inaposhambulia. Hakuna nafasi nyingine katika michezo ya timu ninayoifahamu ambayo mtu mmoja ameshikilia kiasi hicho cha matokeo.

Hata hivyo, kwotabeki anahitaji wanaume 5 wazito wa kumkinga mbele na wenzake wenye mbio wa kupokea pasi zake. Tena wapinzani wanaposhambulia, yeye yuko benchi. Huko kwenye ulinzi wanacheza watu wengine 11, na hata angekuwa na mkono wa dhahabu hawezi kuzuia pointi moja.

Sasa tuje kwenye bei. Msomaji aliyezoea soka ya Uingereza anajua kwamba klabu tajiri hulipa zaidi na hushinda zaidi. Mwanauchumi Stefan Szymanski alipolinganisha fedha za mishahara na nafasi za klabu za Uingereza kwa miaka mingi, aliona kwamba mishahara inaeleza karibu asilimia 90 ya tofauti kati yao. Huko jibu la swali letu lingekuwa rahisi: lipa.

NFL haiendeshwi hivyo. Tangu 1994 ligi imeweka kikomo cha mishahara ambacho ni kilekile kwa klabu zote. Mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 34.6, mwaka 2024 kilifika milioni 255.4. Klabu za New York zenye soko kubwa kuliko yote na ile ya Green Bay, mji mdogo ambao wananchi ndio wenye hisa, zinapewa kiwango sawa cha kugawia wachezaji 53. Fedha hizo ni kama shuka fupi: ukilivuta kufunika kichwa, miguu inabaki nje. Kila dola inayoongezwa kwa kwotabeki inapungua kwa mlinzi fulani au mpokeaji fulani, na mpinzani wa Jumapili ijayo ana shuka la urefu uleule.

Kwa hiyo, chini ya kikomo, kinacholeta ushindi ni tofauti kati ya kile mchezaji anachozalisha na kile anacholipwa. Mwenye kuzalisha kwa thamani ya dola milioni 50 na kulipwa milioni 50 hakupi faida yoyote juu ya wenzako. Mwenye kuzalisha kwa milioni 25 akalipwa milioni 1 amekupa milioni 24 za kununulia wengine. Cade Massey na Richard Thaler, watafiti waliochunguza namna klabu zinavyochagua vijana kutoka vyuoni, walionyesha jambo hilihili mwaka 2013: klabu zilikuwa zikigharamia kupita kiasi nafasi za juu kabisa za uchaguzi, ilhali thamani kubwa kwa kila dola ilipatikana chini yake kidogo.

Takwimu zao zilitoka katika kipindi ambacho chipukizi walilipwa kama wafalme. Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2010, alipata mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78, na milioni 50 kati ya hizo zilikuwa za uhakika. Mwaka uliofuata klabu na chama cha wachezaji walikubaliana kuweka viwango vya malipo ya chipukizi, na Cam Newton, wa kwanza mwaka 2011, akapata takriban milioni 22 kwa miaka 4. Badiliko hilo moja liligeuza hesabu ya ligi nzima. Tangu hapo bidhaa yenye faida kubwa kuliko zote ni kwotabeki kijana aliyeiva mapema.

Seattle walikuwa wa kwanza kuivuna. Wilson yuleyule wa Denver walimpata mwaka 2012 katika raundi ya tatu, kwa mkataba usiofika milioni 3 kwa miaka 4. Fedha zilizobaki ziliwawezesha, mwaka 2013, kuwasajili Michael Bennett na Cliff Avril kuwasumbua makwotabeki wa wapinzani, juu ya safu ya nyuma ya Richard Sherman, Earl Thomas na Kam Chancellor. Timu hiyo iliruhusu pointi chache kuliko zote msimu ule, na kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2014 ikaichapa Denver 43 kwa 8. Wilson alicheza vizuri, lakini kilichoinyonga Denver usiku ule ni ulinzi. Mwaka 2015 alipata mkataba wa dola milioni 87.6 kwa miaka 4, na mwaka 2019 mwingine wa milioni 140. Nguzo zile za ulinzi zikaondoka moja baada ya nyingine, nyingine kwa majeraha, nyingine kwa sababu ya fedha. Seattle hawakurudi Super Bowl wakiwa na Wilson aliyelipwa sana.

Baltimore walipitia njia hiyohiyo kwa kasi zaidi. Joe Flacco alikataa mkataba, akacheza mwaka wake wa mwisho, akatwaa ubingwa Februari 2013, na mwezi uliofuata akasaini milioni 120.6 kwa miaka 6. Siku chache baadaye klabu ikampeleka San Francisco mpokeaji wake tegemeo, Anquan Boldin, kwa nafasi moja ya raundi ya sita. Msimu uliofuata Flacco alirusha pasi 22 zilizodakwa na wapinzani. Mabingwa wakashinda 8, wakapoteza 8, wakaukosa mtoano.

Wanaopinga malipo makubwa hupenda kutaja asilimia 13.1. Hiyo ndiyo sehemu ya kikomo aliyochukua Steve Young wa San Francisco alipotwaa ubingwa wa msimu wa 1994, na kwa zaidi ya robo karne hakuna kwotabeki bingwa aliyeivuka. Takwimu ni ya kweli, lakini naomba msomaji asiikubali haraka. Bingwa ni mmoja tu kwa mwaka, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo klabu zilizolipa zaidi ya kiwango hicho zilikuwa chache. Ukiwa na tiketi chache za bahati nasibu, kukosa zawadi si muujiza. Pia mara nyingine mpangilio wa sababu na matokeo huwa kinyume: mtu hulipwa sana kwa kuwa ameshashinda, na malipo yanaanza umri unapomgeuka. Peyton Manning alichukua zaidi ya asilimia 12 ya kikomo cha Denver msimu wa 2015 na akatwaa ubingwa, lakini msimu ule alitoa pasi 9 za mabao na kudakwa 17. Kombe lile ni la Von Miller na walinzi wenzake.

Kisha akaja Patrick Mahomes akauvunja mpaka wenyewe. Kansas City walimpa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 450 mwaka 2020. Msimu wa 2022 alichukua asilimia 17 ya kikomo na akashinda Super Bowl. Msimu uliofuata alichukua zaidi ya asilimia 16, akashinda tena. Basi inawezekana. Ila tazama walivyofanya. Machi 2022 walimuuza Tyreek Hill, mpokeaji mwenye kasi kuliko wote, kwa Miami, ambao walimpa milioni 120. Kansas City wao wakapata nafasi 5 za kuchagua vijana, na msimu uleule chipukizi wa bei ya chini, kama beki Trent McDuffie na mkimbiaji Isiah Pacheco wa raundi ya saba, wakawa nguzo. Ubingwa wa Mahomes ulilipiwa na wale wanaolipwa kidogo.

Cincinnati wanaonyesha kinachotokea hesabu hiyo isipotimia. Joe Burrow aliwafikisha Super Bowl akiwa na mkataba wa chipukizi, na Septemba 2023 akasaini milioni 275 kwa miaka 5. Msimu wa 2024 aliongoza ligi nzima kwa yadi 4,918 na pasi 43 za mabao. Sidhani kuna mwaka kwotabeki amestahili fedha zake kuliko huo. Timu yake ilipoteza mechi 4 ambazo ilifunga pointi 33 au zaidi, kwa sababu ulinzi haukuweza kumzuia mtu. Walishinda 9, wakapoteza 8, wakabaki nyumbani wakati wa mtoano. Ninapotaka kumweleza mtu mipaka ya nyota mmoja, simtajii walioshindwa kama Wilson. Namtajia Burrow wa 2024.

Kwa nini basi klabu zinaendelea kulipa? Nadhani sababu kuu ni hofu. Klabu ni 32 na wanaume duniani wanaoweza kazi hii vizuri hawafiki 20. Anayemwacha wa kwake anaweza kukaa miaka 10 akitafuta mwingine, na meneja hatavumiliwa miaka 10. Hofu hiyo ndiyo inayopanga bei: rekodi ya mshahara huvunjwa na yule ambaye zamu yake imefika, awe bora au asiwe bora. Septemba 2024 Dak Prescott wa Dallas akawa wa kwanza kufika wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka, huku mkataba wa Mahomes mwenye makombe 3 ukiwa wa wastani wa milioni 45. Prescott aliumia Novemba na Dallas wakamaliza na ushindi 7 dhidi ya vipigo 10. Cleveland walizidi hata hapo: mwaka 2022 walimpa Deshaun Watson milioni 230 zote zikiwa za uhakika, wakijua kwamba wanawake zaidi ya 20 wamemshtaki kwa unyanyasaji wa kingono. Alifungiwa mechi 11, akaumia mara kwa mara, na katika misimu 3 akaanza mechi 19 tu.

Wapo wahasibu werevu wanaopunguza maumivu. Bonasi ya kutia saini hulipwa leo, lakini kwenye hesabu ya kikomo huruhusiwa kugawanywa hadi miaka 5. Philadelphia waliitumia mbinu hiyo kwa Jalen Hurts: mkataba wake ni wa milioni 255, ilhali msimu wa 2024 alihesabiwa takriban milioni 13.5 tu, nafasi ikapatikana ya kumsajili mkimbiaji Saquon Barkley, na Februari 2025 wakawafunga Kansas City 40 kwa 22. Lakini deni lililosogezwa mbele halijafutwa. Mchezaji akiondoka, sehemu za miaka yote iliyobaki humwagika mezani ndani ya mwaka mmoja au miwili, na hizo zilikuwa sehemu ya zile milioni 85 za Denver.

Hukumu yangu ni hii. Kwotabeki wa aina ya Mahomes analipika, mradi klabu ina jicho la kuchagua vijana kila Aprili na ujasiri wa kuwauza wapendwa wengine kwa wakati. Watu wa aina hiyo katika kizazi kimoja ni 3 au 4. Kwa wale wengine, wazuri wa kutosha kushinda mechi 9 lakini wanaodai bei ya bingwa, fedha nyingi hupunguza uwezekano wa kombe, na klabu inayojitambua ingewaacha waende ikaanza upya na kijana. Denver walilazimika kujifunza hilo kwa gharama kubwa mno: Nix, aliyewarudisha kwenye mtoano, mkataba wake wote wa miaka 4 ni takriban dola milioni 18.6.