Ufa Mdogo na Chombo Kikubwa

Mtazame mshonaji wa hapa Kikuyu anapogawa kitambaa cha kaniki. Hukata pindo kwa mkasi kidogo tu, kiasi cha ukucha, kisha huvuta kwa mikono miwili, nacho kitambaa hupasuka mpaka mwisho. Bila mkato ule angevuta hata atoke jasho. Sababu ni kwamba nguvu ya mikono hukusanyika penye ncha ya mkato, juu ya nyuzi chache; zikikatika hizo, mzigo wahamia kwa zinazofuata.

Kioo na chuma navyo hupasuka kwa njia hiyo. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alionyesha kwa vioo kwamba kadiri ufa urefukavyo, ndivyo nguvu ya kuuendeleza ipunguavyo.

Lakini wenye ndege walilielewa somo hili kwa msiba. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet ilianza safari za kwanza duniani za abiria kwa jeti, toka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Mwaka 1954 Comet mbili zilivunjika angani karibu na Italia. Watu 56 walikufa.

Ndege iwapo juu hujazwa hewa ili abiria wapumue, ikatuna, ikishuka, hunywea. Basi wataalamu wa Farnborough waliitia Comet nyingine katika tangi la maji, wakaijaza maji kwa nguvu na kuyalegeza, tena na tena. Ilipotimiza safari 3,057, za kweli pamoja na za kuigiza, ilipasuka penye pembe ya uwazi uliokatwa ubavuni. Comet 4, ambazo East African Airways ilizipata mwaka 1960, zilikuwa na bati nene zaidi na madirisha ya mviringo.

Siku hizi mhandisi hasemi, "Chombo changu hakina ufa." Hujiuliza: ni ufa wa ukubwa gani waweza kulipita jicho la mkaguzi? Utachukua safari ngapi kufikia urefu wa hatari? Kisha huagiza ukaguzi kabla ya siku hiyo.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawe mwanafunzi, ukiona ufa mwembamba kwenye uma wa baiskeli yako, usiufunike kwa rangi. Shuka, uikokote kwa fundi leo hii.