Kisangani: Mstaafu achague komine gani ili asitegemee pikipiki kila siku?

Mwisho wa mwezi, mbele ya benki za komine ya Makiso, wazee huanza kupanga mstari mapema asubuhi. Wengine wamekuja kwa miguu, wengine wamebebwa na pikipiki ao na toleka, zile baiskeli za abiria zilizoijengea Kisangani jina. Wengine bado wamevuka mto Kongo kwa mtumbwi kutoka Lubunga. Wote wanangoja pesa ileile, lakini si wote wanaorudi nayo nyumbani kwa kiasi kimoja. Aliye mbali anakuwa amekwisha kulipa sehemu yake njiani, na mwezi ujao atalipa tena.

Hiyo ndiyo hesabu ambayo watu wengi wa Kisangani hawaifanyi wanapotafuta mahali pa kukaa baada ya kazi. Wanauliza bei ya parseli na ukubwa wake. Mara chache wanauliza ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi sokoni, hospitalini, kanisani ao msikitini, na hadi kwenye bomba la maji. Kwa mtu wa miaka 40 hatua hizo si kitu, lakini kwa mtu wa miaka 70 mwenye goti linalouma ndizo zinazoamua kama ataendelea kuonana na watu ao atafungwa uani mwake.

Sheria ya Julai 2016 juu ya usalama wa jamii iliweka umri wa kustaafu kuwa miaka 60 kwa mwanaume na kwa mwanamke, kwa wafanyakazi wanaolipiwa kwenye CNSS. Kwa wafanyakazi wa serikali, sheria ya mwezi huohuo inataja miaka 65 ao miaka 35 ya kazi. Hayo ni maandishi. Katika maisha ya kila siku, walimu wengi wenye mvi bado wanashika chaki kwa sababu wanaogopa kutoka mikono mitupu. Na yule anayepewa kitu cha kumuaga kazini hukipewa mara moja tu. Kama pesa hiyo imeingia kwenye kiwanja kibaya, hakuna mshahara mwingine wa kurekebisha kosa.

Kwa bahati, mji wenyewe unafaa kwa watembea kwa miguu. Kisangani iko kwenye tambarare, karibu na mstari wa ikweta, kimo cha mita 400 hivi juu ya bahari. Haina milima kama Bukavu wala mawe ya volkano kama Goma. Taabu yake ni jua la saa sita, mvua inayonyesha karibu mwaka mzima, na mitaro isiyofunikwa kando ya barabara. Mzee mwenye afya hutembea kilomita moja kwa robo saa. Akibeba kikapu, na njia ikiwa na matope, ni zaidi ya hapo.

Mji una komine sita. Tano ziko ng'ambo ya kulia ya mto: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani. Ya sita, Lubunga, iko peke yake ng'ambo ya kushoto.

Makiso ndiyo inayotakiwa na kila mtu. Huko ndiko kwenye benki, ofisi za jimbo, soko kuu, kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire kando ya mto, hospitali kuu na Chuo Kikuu cha Kisangani. Anayekaa Plateau Médical ao kartie ya Musiciens anaweza kumaliza shughuli zake nyingi za wiki bila kupanda kitu. Lakini bei za Makiso hazikupangwa kwa ajili ya mwalimu aliyestaafu. Wanaoziweza ni wale walionunua zamani, ao waliorithi. Hao nao wana mbinu moja inayofaa kuigwa: wanajenga aneksi ya vyumba viwili nyuma ya nyumba na kuwapangisha wanafunzi wa chuo. Kodi hiyo huwa msaada wa kweli pensheni inapochelewa, mradi mzee avumilie muziki wa vijana.

Kwa mwenye pesa kidogo, komine ya Tshopo inastahili kutazamwa kwanza. Imeungana na Makiso upande wa kaskazini na inafika hadi mto Tshopo wenyewe. Avenyu zake zimenyooka na nyingi zinajulikana kwa namba, jambo linaloonekana dogo hadi siku mjukuu anapotafuta nyumba usiku, ao dereva wa pikipiki anapoletwa kumchukua mgonjwa. Masoko madogo ya sombe, lengalenga, samaki na makala yako karibu na nyumba. Kwenda Makiso kwa miguu kunawezekana asubuhi kabla ya jua kukaza, na kurudi kwa toleka. Ubaya wake ni msongamano. Parseli zimegawanywa na kugawanywa tena kati ya warithi, na nyumba tulivu inaweza kujikuta kesho imepakana na nganda ao na kanisa lenye vipaza sauti hadi usiku wa manane.

Watu wa nje hudhani kwamba kukaa karibu na bwawa la umeme la Tshopo kunaleta umeme zaidi. Sivyo. Kituo hicho, kilichojengwa miaka ya 1950 chenye mashine tatu, ndicho kinacholisha mji wote, na mashine moja ikiharibika komine zote hupangiwa zamu. Umeme ukikatika, pampu za REGIDESO nazo husimama. Kwa hiyo mtu asiulize kama nyumba ina bomba. Awaulize majirani ni siku ngapi kwa wiki bomba hilo linatoa maji, na likikauka wanachota wapi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mzee hawezi kuibeba mita 500.

Mangobo na Kabondo zina bei nafuu kuliko Makiso, na kila moja ina hospitali yake kuu, kwa maana mji umegawanywa katika zoni tano za afya: Makiso-Kisangani, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Lubunga. Mangobo ina watu wengi sana, hivyo mwenye duka la dawa, fundi viatu na muuza mikate wote wako karibu. Kabondo iko mashariki, upande wa njia inayoelekea uwanja wa ndege wa Bangboka na Ituri. Hapo inafaa kuwa mwangalifu, kwa sababu kadiri mtu anavyosogea kwenye hiyo njia ndivyo parseli inavyokuwa kubwa na bei inavyoshuka, na ndivyo anavyotoka taratibu katika mji bila kujua. Wanaonunua huko mara nyingi ni watu wenye pikipiki ao gari. Mstaafu asiwafuate.

Komine ya Kisangani, upande wa maporomoko ya Wagenia, husahaulika katika mazungumzo haya. Haistahili kusahauliwa. Iko karibu na Makiso, samaki hufika kutoka mtoni moja kwa moja, na kwa mtu wa Maniema ao wa Kivu aliyezoea kusema Kiswahili ni rahisi kupata wa kuzungumza naye jioni. Lugha nayo ni sehemu ya makazi. Mji una Kilingala upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, na uzee wa kutafuta maneno kila siku unachosha.

Inabaki Lubunga, na hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Kiwanja cha Lubunga kinavutia: eneo pana, nafasi ya shamba la mihogo na migomba, hewa nzuri. Watu wa reli wanaijua vizuri, kwa kuwa ndiko kinakoanzia kituo cha reli ya kilomita 125 inayokwenda Ubundu. Lakini kati ya Lubunga na benki, ofisi, chuo na hospitali kubwa kuna mto Kongo. Tuchukue mfano wa mzee anayevuka mara tatu kwa wiki, kwenda na kurudi. Hiyo ni mivuko 312 kwa mwaka, na kila mvuko una nauli yake, kabla ya pikipiki ya ng'ambo ya pili. Akizidisha kwa miaka kumi ataona kwamba bei ya chini ya kiwanja ilikuwa mkopo tu. Hospitali ya Lubunga ipo, ni kweli. Ugonjwa unaoizidi uwezo ukimkuta usiku wakati wa dhoruba, familia inabaki ukingoni ikitafuta mwenye mtumbwi.

Mto pia hupanda. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 maji ya Kongo yalifika kimo ambacho hakikuonekana tangu 1961, na nyumba za maeneo ya chini kando ya mto zikaingiliwa. Halafu kuna jambo la ardhi. Tangu Februari 2023 ugomvi kati ya Wambole na Walengola, uliotokana na ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo, uliua watu, ukachoma nyumba na kuwafukuza maelfu, ambao wengi walikimbilia ng'ambo ya kulia. Mwenye kufikiria kununua Lubunga asiishie kwa muuzaji. Azungumze na wakaaji wa pande zote mbili, na kama hawataki kujibu, hilo nalo ni jibu.

Usalama haufuati mipaka ya komine peke yake. Wazee wa Kisangani hawajasahau tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda lilipopigana katikati ya mji na mabomu kuanguka juu ya nyumba za raia. Mwezi Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, na baadhi ya wazee bado wanangoja sehemu yao kupitia FRIVAO. Pesa hiyo isiingizwe kwenye bajeti ya nyumba kabla haijafika mkononi. Katika siku za kawaida, kinachomtisha mzee ni mwizi wa usiku. Dhidi yake, avenyu yenye watu wanaojuana inafaa kuliko ukuta mrefu mahali pasipo jirani.

Kisha zinakuja karatasi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya serikali, na mtu binafsi hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo inathibitishwa na kitu kimoja tu, cheti cha usajili, kinachoitwa kwa Kifaransa certificat d'enregistrement, kinachotolewa na konservateri wa vyeti vya ardhi. Karatasi ya mkuu wa kartie, fishi ya parseli, barua ya mauziano yenye sahihi za mashahidi, zote hizo zinasaidia, lakini hakuna inayochukua nafasi ya cheti. Kikiisha kupita miaka miwili tangu kutolewa, cheti hakishambuliwi tena kwa urahisi. Kwa hiyo mnunuzi aende mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata dola moja, aulize jina lililoandikwa kwenye daftari, na aulize kama kuna warithi wengine. Katika Kisangani, kama katika miji mingine ya Kongo, parseli moja inayouzwa na ndugu watatu kwa watu watatu si hadithi ya kuchekesha.

Jambo la mwisho kuhusu karatasi huwaumiza zaidi wanawake. Mume akifa, ndugu zake wanaweza kufika kabla matanga hayajaisha, wakitaka funguo. Sheria ya familia inawapa watoto robo tatu ya urithi, na inampa mke aliyebaki haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kutumia vyombo vyake. Lakini haki hiyo ni ya mke ambaye ndoa yake imeandikwa katika ofisi ya serikali. Wanandoa waliooana kwa mahari na kanisani tu, hata miaka 40 iliyopita, wangefanya vizuri kupita kwa burgumesta kabla ya kupita kwa fundi mwashi.

Kwa mstaafu wa Goma ao Bukavu, ambako benki zilifungwa baada ya M23 kuingia mwanzoni mwa 2025, Kisangani inaweza kuonekana kama mahali pa kupumua na kupata pensheni. Akumbuke tu kwamba njia namba 4 kutoka Beni kupitia Mambasa na Bafwasende ni ndefu na si salama kila sehemu, na kwamba ndege ni ghali. Watoto walioachwa Kivu hawatakuja kila mwezi.

Kwa huyo, na kwa yeyote asiyejua bado kartie inayomfaa, kupanga nyumba kwanza ni bora kuliko kununua haraka. Sheria ya Desemba 2015 juu ya upangaji inaweka garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Wenye nyumba wengi huomba zaidi, na mpangaji anayeijua sheria hiyo ana la kusema. Aombe risiti ya kila malipo. Na apange kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati mvua ni kali zaidi, ili aone mwenyewe maji yanapita wapi, njia ya sokoni inabaki njia ao inakuwa kijito, na ni jirani gani anayekuja kubisha hodi ikiwa mzee hajaonekana siku mbili.