Redio Isiyosikia Nakuru

Gari la kifahari lililotumika Japani huwasili Nakuru na redio iliyozoea mawimbi ya kwao. Kwa miaka mingi FM ya Japani ilianzia megahazi 76 na kukomea 90. Yetu hufika 108. Mwenye gari huambulia vituo vichache, huku kioo kikimsemesha Kijapani. Hukimbilia kwa fundi, naye humshauri ang'oe mtambo wote, atie wa Android.

Siiungi mkono haraka hiyo. Katika Mercedes nyingi zilizoundwa baada ya mwaka 2000, sauti husafiri kama nuru ndani ya uzi mwembamba hadi kwenye kikuza sauti. Redio ikiondolewa pasipo kiunganishi kifaacho, spika hunyamaza. Afadhali kifaa kidogo kinachopachikwa nyuma ya redio ile ile, kikapokea muziki na simu kwa bluututhi. (Jina hilo, wanafunzi wangu, latokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10.) Kirusha mawimbi cha bei nafuu nacho hufaa, ila kwa redio ya Kijapani kitasikika baina ya 87.5 na 90 tu.

Waliokwisha kununua Android nawauliza: mbona kioo chawasemesha Kiingereza? Mfumo huo una Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Fundi hakukichagua kwa kuwa mteja hakukiomba. Walimu wenzangu wanaolalamika kwamba lugha yetu haina istilahi za teknolojia wangeanzia hapo hapo, wakiwa wameketi garini.