Kwa Nini Muziki wa Roki Haujazeeka

Leo tutazungumza juu ya muziki uitwao rock and roll, au kwa ufupi roki, pamoja na mavazi yake. Muziki huu ulienea Marekani katika miaka ya 1950. Wazee wengi walidhani ni upepo wa kupita. Mbona basi vijana waliozaliwa miaka mingi baadaye bado waupenda?

Jambo la kwanza ni mapigo yake. Hesabu polepole: moja, mbili, tatu, nne. Sasa piga makofi penye mbili na penye nne tu. Waona jinsi mguu unavyotaka kufuata? Tena, mpiga gita akijua mipango mitatu tu ya vidole, nyimbo nyingi za roki aweza kuzipiga. Kwa hiyo hata kijana asiye na mwalimu aliweza kuingia.

Jambo la pili ni mavazi. Suruali ya jinzi, yenye misumari midogo ya kukaza mifuko, ilipata hataza mwaka 1873. Ilikuwa nguo ya vibarua. Mjini Memphis, katika mtaa wa Beale, duka la Lansky liliwauzia wanamuziki weusi nguo za rangi kali, na Elvis Presley, kijana wa nyumba maskini, akanunua zake hapo hapo. Kila kizazi kina vijana wasiotaka kufanana na baba zao, na nguo hizi huwapa njia ya kulionyesha jambo hilo.

Jambo la tatu ni asili yake, na hili tusilisahau. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, alipiga gita la umeme katika nyimbo za dini kabla jina la roki halijaenea. Mwaka 1946 Arthur Crudup, mweusi pia, alirekodi wimbo uitwao That's All Right. Mwaka 1954 Elvis aliuimba katika santuri yake ya kwanza. Wakati huo sheria za majimbo ya kusini ziliwatenga weusi na weupe shuleni na katika mabasi. Lakini redio haikuweza kufungiwa mlango, na vijana weupe waliisikiliza miziki ya weusi nyumbani mwao. Elvis akatajirika. Crudup alifariki mwaka 1974 bila kupata malipo aliyostahili.

Basi, roki imedumu kwa sababu ni rahisi kuingia, na shina lake ni refu. Lakini anayekula tunda yafaa amjue aliyepanda mti.

Sasa zungumzeni katika kikundi chenu: Ngoma ipi ya kwenu hupigwa mpaka leo? Nani aliitunga? Je, alipata haki yake?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.